Stelingi kafa, kazikwa, sizoni ijayo yupo hai: uzi wa tuliochoshwa na miisho ya tamthilia

Mla Sizoni (mleta mada)

Wakuu, humu tutamwaga miisho ya tamthilia nyingi bila huruma. Kama ipo unayoifuatilia na hujaimaliza, pita kwa tahadhari.

Naanza na kichwa cha Sara. Walioitazama Prison Break wameshanielewa. Sizoni ya tatu, mwaka 2007, Lincoln, kaka wa stelingi Michael, anafungua boksi anakuta kichwa cha Dokta Sara Tancredi, mpenzi wa Michael. Siyo kwamba tuliambiwa kafa tu, wala hakutumbukia kwenye maji tukabaki na mashaka. Kichwa, kwenye boksi. Tukaomboleza, tukazoea. Septemba 2008 sizoni ya nne inaanza, Sara huyu hapa, mzima, shingo ipo mahali pake. Maelezo tuliyopewa: kile kichwa kilikuwa cha mwanamke mwingine. Yaani Lincoln, mtu anayemfahamu Sara vizuri kabisa, alikitazama na hakugundua.

Ilipofika 2009 ikawa zamu ya Michael mwenyewe. Akafa, tukaonyeshwa kaburi, tukaonyeshwa na mtoto aliyemwacha. 2017 akaibuka gerezani Yemen.

Sasa nisieleweke vibaya. Tamthilia ni uongo, na tunakaa mbele ya skrini kwa hiari yetu tudanganywe. Kinachoniudhi ni kufutiwa. Nikishamlilia mtu, yale machozi nimeyatoa kweli. Huwezi kuja mwaka unaofuata ukaniambia yalikuwa ya bure. Na anayepata hasara zaidi ni mwandishi, kwa sababu kuanzia siku ile kila anayeuawa kwenye kazi yake mimi nakaa tu nasubiri atarudi lini. Risasi ikilia sishtuki. Bomu likilipuka naangalia saa.

Babu wa ugonjwa huu ni Dallas. Bobby Ewing aligongwa na gari akafa mwishoni mwa sizoni mwaka 1985, kwa kuwa mwigizaji wake, Patrick Duffy, alitaka kuondoka. Watazamaji wakapungua, Duffy akaombwa arudi, akakubali. Tatizo likawa: unamrudishaje mtu aliyekufa mbele ya familia nzima? Mei 1986 Pam, mpenzi wa Bobby, anaamka, anafungua mlango wa bafu, Bobby anaoga. Sizoni iliyofuata ndipo tukaambiwa: mwaka mzima uliopita, episodi 31, ilikuwa ndoto ya Pam. Kila kilichotokea, ndoto.

Na kichekesho chenyewe hiki hapa. Knots Landing ilikuwa tamthilia iliyozaliwa na Dallas, inamfuata Gary, ndugu wa Bobby. Kule walikuwa wameshaomboleza kifo, na hawakukifuta. Kwa hiyo kwenye tamthilia moja Bobby ni marehemu, kwenye nyingine yuko bafuni.

Leteni zenu. Ila naomba tusitaje tu, tuseme na kilichoharibika ni nini.

Kucha Moja

Dexter. 2013, muuaji wa watu kibao anaendesha boti kuingia kwenye kimbunga, tunajua kajimaliza, halafu dakika ya mwisho kabisa tunamkuta msituni na ndevu, mkata miti. Hajakamatwa, hajafa, hajajuta, anakata miti. Wakaona aibu, wakarudi na New Blood, iliyoisha Januari 2022 mtoto wake kampiga risasi. Nikasema sawa, angalau deni limelipwa. 2025 wakaja na nyingine jina lake Resurrection. Yaani hawakuficha hata kwenye jina.

Mla Sizoni

Hahaha, ufufuo umeandikwa mlangoni kabisa.

Mama wa Telenovela

Wanangu, najua zamu yetu inakuja, kwa hiyo najitetea mapema. Kila mada kama hii ikianza, watu huanza kucheka pacha waliopotezana, mtoto aliyebadilishwa hospitalini, tajiri aliyepoteza kumbukumbu siku ya harusi. Mimi nasema hivi: hizo hazijawahi kuniudhi.

Chukueni La usurpadora ya 1998. Wanawake wawili wanafanana kama mtu na kioo, mmoja tajiri, mmoja maskini, hawajuani. Paola anamlazimisha Paulina akakae nyumbani kwake mwaka mzima, awe mke wa mumewe, yeye aende kula raha. Ukikaa ukapiga hesabu, haiwezekani. Mume hatambui mkewe? Lakini uongo ule wanauweka mezani mwanzoni kabisa, wanakuambia ukikubali hili kaa, usipokubali badilisha chaneli. Nikakubali. Kuanzia hapo kila kinachofuata kina mantiki yake: Paulina anapenda asichostahili, anaogopa kugundulika, na Paola akirudi, anarudi kudai kilicho chake.

Mnachokilalamikia nyinyi ni pacha anayeletwa episodi ya mwisho, hajawahi kutajwa, anakuja kumwokoa mtu. Huyo hata mimi namkataa.

Mla Sizoni

Mama, heshima yako. Umeisema vizuri kuliko mimi.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mimi nina ombi moja kwa waandishi wote duniani: mstari ukinyooka kwenye mashine, msimpige mgonjwa umeme. Umeme ule ni wa moyo unaotetemeka ovyo bila mpangilio, unausimamisha ili urudie mdundo wake. Moyo ulionyamaza kabisa haushtuliwi. Unakandamiza kifua na kuchoma adrenalini. Lakini kwenye tamthilia daktari anashika vile vibao, anapiga kelele watu wakae mbali, mgonjwa anaruka juu ya kitanda, anafumbua macho na kumtaja mchumba wake kwa jina.

Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa madaktari waliokaa wakawahesabu wanaofufuliwa kwenye ER, Chicago Hope na Rescue 911. Kwenye TV, katika kila 100 walioshindiliwa kifua, 75 waliamka palepale, na 67 walionekana kupona hadi kutoka hospitali. Kwa hali halisi, moyo ukisimama mgonjwa akiwa tayari wodini, anayerudi nyumbani ni kama mmoja kati ya watano. Ukisimama akiwa nje ya hospitali, ni pungufu ya hapo. Kisha ndugu wa mgonjwa wanakutazama kana kwamba umeacha mapema kwa uvivu.

Kingine ni koma. Mtu amelala miezi sita, anaamka kapaka wanja, anavua mirija, anakimbia kuzuia harusi. Misuli ya mtu aliyelala wiki chache tu inanywea kiasi kwamba kukaa kitandani bila kushikiliwa ni mtihani. Kukimbia ni habari ya miezi, na mazoezi, na machozi.

Kingine tena: kumbukumbu. Sallie Baxendale, mtaalamu wa saikolojia na ubongo, aliandika kwenye jarida la BMJ mwaka 2004 jinsi sinema zinavyopotosha jambo hili. Walioumia ubongo wengi wanajua majina yao na utoto wao vizuri. Kinachowashinda ni kushika mambo mapya, ulichomwambia asubuhi jioni hakipo. Kwenye tamthilia ni kinyume: kasahau yeye ni nani, ila anakariri namba za simu za leo. Na dawa yake ni kupigwa kichwani mara ya pili! Jamani. Kichwa kilichoumia ukikipiga tena unakiumiza zaidi.

Na ile risasi inayotolewa kwa kibano ikadondoshwa kwenye bakuli la chuma, "kling", watu wote wanapumua. Mara nyingi madaktari wanaiacha humohumo. Kinachoua ni mshipa uliokatwa, siyo kile kipande cha risasi.

Mla Sizoni

Nesi, hayo mimi nayasamehe. Ni makosa ya ujuzi, mwandishi hakusomea udaktari. Mimi nalalamikia hadithi kujisaliti yenyewe.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Usiyasamehe haraka, mkuu. Ni kitu kilekile. Mwandishi anataka kishindo cha koma, anataka familia ilie koridoni, anataka mchumba aape kwa Mungu pembeni ya kitanda. Vyote hivyo anavichukua. Bili ikija, mwili uliolegea, mtu anayejifunza upya kushika kijiko, mke aliyechoka kuuguza, anaikwepa. Mgonjwa wa koma anayeamka akakimbia ni Bobby wa bafuni tu, ila kavaa gauni la hospitali.

Mla Sizoni

...Nimekaa kimya kwa heshima.

Komedi Bure

Mnasumbuka na mistari ya moyo, nyie hamjaona mambo. Nendeni India. Kwenye Sasural Simar Ka, mwaka 2016, stelingi wa kike aligeuzwa kuwa inzi. Inzi, wakuu. Tamthilia iliyoanza na mambo ya mawifi na mama mkwe. Na kwenye Saath Nibhaana Saathiya Gopi aliiosha laptop ya mume wake kwa maji na sabuni, kwa mapenzi kabisa, ili iwe safi.

Mimi sina malalamiko yoyote. Nataka zaidi.

Mama wa Telenovela

Ya laptop msiicheke sana. Yule binti ameonyeshwa tangu mwanzo hakusoma, na hiyo ndiyo shida ya ndoa yake. Ilikuwa na sababu. Ya inzi sina utetezi.

Kalamu ya Kukodi

Naandika skripti, ndiyo kazi inayonilisha. Naomba nitetee wenzangu kwanza, kisha nitawageuka.

Mtazamaji anadhani tunakaa chini na wazo moja kamili, tunaliandika, linatazamwa. Haiendi hivyo. Mengi mnayoyaita ujinga ni kiraka. Kuna tundu limetokea ghafla na mtu kapewa siku chache alizibe.

Tundu la kwanza ni mwigizaji. Muhteşem Yüzyıl ya Uturuki ilimtegemea Hürrem, mke wa sultani, kuliko hata sultani mwenyewe. 2013, sizoni ya tatu ikiwa hewani, Meryem Uzerli aliyekuwa anaigiza Hürrem akaondoka. Utafanyaje? Huyo ni mtu wa historia, huwezi kumuua kabla ya wakati wake. Ikabidi aje mwigizaji mwingine, Vahide Perçin, aendeleze kama vile hakuna kilichotokea. Mtazamaji anaona sura imebadilika, mwandishi anaona mwezi mzima ambao hakulala.

Kule India, Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ilimuua Mihir, stelingi wa kiume, mwaka 2001. Watazamaji wakawaka kiasi kwamba akarudishwa, na baadaye waigizaji wengine wakashika nafasi hiyohiyo. Ile kazi ilienda 2000 hadi 2008, episodi zaidi ya 1,800. Niambieni mwandishi gani ana mambo 1,800 ya kweli ya kusema kuhusu nyumba moja. Ukifika ya 600 umeshamaliza ndoa, talaka, sumu na kesi mahakamani. Inzi anaanza kuonekana wazo zuri.

Tundu la pili ni mgomo. Novemba 2007 waandishi wa Marekani waligoma hadi Februari 2008, siku 100. Prison Break anayoilalamikia mleta mada ilikatwa ikaishia episodi 13 sizoni ileile ya boksi. Heroes iliishia 11. Nyuzi zilizokuwa zimetandazwa zikabaki hewani.

Tundu la tatu, na hili ndilo linaniuma, ni mafanikio. La casa de papel ilitengenezwa mwaka 2017 kwa ajili ya chaneli ya Antena 3 kule Hispania, ikiwa na mwisho wake. Wizi umeisha, waliopona wameondoka, asante na kwaheri. Netflix wakaichukua, wakaikatakata upya vipande vifupi, dunia ikapagawa. Sasa ikatakiwa ya tatu, ya nne, ya tano. Profesa, kiongozi wa genge aliyekuwa amepanga kila kitu hadi sekunde, ikabidi awe mtu wa kuokolewa na bahati. Mwisho wake, Desemba 2021, dhahabu inaibiwa na mtoto wa Berlin (mmoja wa wezi wa genge hilo), inarudishwa kwa sababu kijana kasoma barua, serikali inapewa shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu na inakubali kunyamaza, na genge zima linatangazwa limekufa. Mtu makini uliyemjenga kwa sizoni mbili, unamwokoa kwa barua.

Sasa nawageuka wenzangu. Kiraka kinaweza kuwa kizuri au kibaya, na tofauti inajulikana tangu zamani. Aristotle aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba jambo lisilowezekana lakini linaloaminika ni bora kuliko linalowezekana lakini haliaminiki. Na aliwasema watunzi wa tamthilia za Wagiriki waliokuwa wakifikia mwisho wanashusha mungu kwa winchi aje amalize kesi. Winchi kabisa, la mbao, jukwaani. Mama wa Telenovela ameshasema hayohayo hapo juu bila kumsoma.

Mama wa Telenovela

Umejuaje kama sijamsoma?

Kalamu ya Kukodi

Samahani mama.

Mla Sizoni

Kalamu, umejieleza, lakini unanipa jibu rahisi mkononi. Dawa si iko wazi? Mwandishi aujue mwisho kabla ya kuanza. Angalia Game of Thrones. Walipokuwa na vitabu vya George R. R. Martin mkononi ilikuwa moto. Kitabu cha tano kilitoka 2011, cha sita mpaka leo bado. Vitabu vikaisha, wao wakaendelea, na tukaona kilichotokea.

Kalamu ya Kukodi

Hapana, dawa haiko hapo. Nikupe mifano miwili inayopingana.

How I Met Your Mother, najua ni vichekesho, lakini sikiliza. Baba anawasimulia watoto wake alivyokutana na mama yao. Waandishi walijua mwisho. Walijua sana. Watoto wanaosimuliwa hadithi wangekua haraka, kwa hiyo sehemu yao ya mwisho ilirekodiwa 2006 ikafichwa. Ikarushwa 2014. Katikati hapo hadithi ilikua ikaenda kwingine, wahusika wakabadilika, sizoni nzima ya tisa ikatumika kwa harusi ya watu wawili, na mama mwenyewe alipoonekana watu wakampenda kweli. Mwisho uliorekodiwa miaka minane nyuma ukaja kuvunja ile ndoa na kumuua mama kwa dakika chache, ili mzee arudi kwa mpenzi wake wa zamani. Walikuwa na ramani, barabara ikahama, wakaendesha kwa ramani.

Upande wa pili, Breaking Bad. Sizoni ya tano inaanza 2012 na stelingi, Walter White, ananunua bunduki kubwa ya M60, anaiweka kwenye buti ya gari. Mtunzi wake, Vince Gilligan, amesema wazi kwamba walipoandika onyesho lile hawakujua ile bunduki itampiga nani. Walijibana wenyewe. Ukifika mwisho, Septemba 2013, inaonekana ilipangwa tangu kuzaliwa.

Aliyejua mwisho aliharibu, asiyejua alipatia. Kwa hiyo tofauti haiko kwenye kujua. Wale wa Breaking Bad kila walichokiandika walikihesabu kuwa deni. Walter alimwacha Jane, mpenzi wa mwenzake Jesse, afe kwa kukabwa na matapishi yake, na kitendo kile hakikumwacha tena. Kilirudi kupitia kwa baba yake Jane, kupitia ndege mbili zilizogongana angani, kupitia kwa Jesse alipokuja kuambiwa ukweli. Hakuna aliyefuta.

Kucha Moja

Naomba kutetea Game of Thrones kidogo, mnipige mawe baadaye.

Daenerys, yule malkia wa majoka, kuchoma mji siyo tatizo. Dalili zilikuwepo tangu sizoni za mwanzo: alisulubisha watu, alichoma watu, kila mara tukishangilia kwa sababu waliochomwa walikuwa wabaya. Tatizo ni mwendo. Sizoni sita za kwanza zilikuwa na episodi 10 kila moja. Ya saba ikawa 7, ya nane 6. Mtu aliyehitaji sizoni nzima ya kuvunjika moyo kapewa wiki mbili.

Na umbali ukafa. Sizoni ya kwanza, kutoka kaskazini hadi mji mkuu ni safari ndefu, watu wanachoka, wanagombana njiani, na humo njiani ndimo hadithi ilimokuwa. Sizoni ya saba watu wamezingirwa juu ya barafu, mmoja anakimbia kwa miguu hadi ukutani, kunguru anaruka hadi kisiwani kusini, joka linaruka hadi kaskazini, na wale bado wamesimama pale pale. Hata mwongozaji wa episodi ile alikiri kwamba muda waliuchezea.

Komedi Bure

Na usisahau meli. Joka limetunguliwa na kundi la meli zilizojificha nyuma ya mwamba, wakati mwenye joka yuko ANGANI. Kisha David Benioff, mmoja wa waandishi wakuu, anaelezea baada ya episodi kwamba Daenerys alikuwa amesahau kidogo habari za zile meli. Amesahau! Jeshi zima la majini la adui yake!

Watu zaidi ya milioni moja walitia saini mtandaoni kudai sizoni ya nane itengenezwe upya. Mwaka huohuo ikachukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Hapo ndipo nilipojua sisi na wao tunaangalia skrini tofauti.

Mla Sizoni

Lile la kudai itengenezwe upya mimi sikulipenda hata kidogo, na nilikuwa na hasira kama wote. Ukiirekodi upya unafanya kosa lilelile la bafuni. Imeshatokea. Ife nayo hivyohivyo mbaya.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kuna ambaye ameitazama Reborn Rich ya Korea? Song Joong-ki, 2022. Mfanyakazi wa familia ya matajiri anauawa, anazaliwa upya ndani ya familia hiyohiyo kama mjukuu mdogo, anarudi miaka ya 80 akijua kila kitakachotokea. Episodi 15 nimetulia, nimekubali kuzaliwa upya bila swali, kama Mama alivyosema, waliweka mezani mapema. Episodi ya 16, siku ya Krismasi, anaamka hospitalini. Alikuwa amezirai wiki moja. Babu aliyempenda na maisha yote aliyoishi kule vimeondoka. Riwaya ya mtandaoni iliyotangulia haikuishia hivyo.

Nilikubali afe na azaliwe. Kuamka kitandani ndiko nilikokataa.

Kucha Moja

Ndiyo tofauti yenyewe. Kuzaliwa upya kulifungua hadithi. Kuamka kuliifunga kwa kuifuta.

Mpita Njia

Mnaisema Lost lini? Walikuwa wamekufa wote tangu ndege inaanguka, sizoni sita za bure.

Kalamu ya Kukodi

Hawakuwa wamekufa, mkuu, na uzushi huu hauishi tangu Mei 2010. Baba yake Jack, stelingi, anasema waziwazi episodi ya mwisho: yote yaliyotokea kisiwani yalitokea kweli. Kile kisichokuwa duniani ni yale maisha ya pembeni ya sizoni ya sita, mahali walipokutana baada ya kufa, kila mmoja kwa wakati wake. Kilichowachanganya watu ni picha za mabaki ya ndege ufukweni wakati majina yanapita. Chaneli ya ABC iliziweka ili watu wapumue kabla ya habari, hazikuwa sehemu ya hadithi. Watu wakaona mabaki, hakuna mtu, wakahitimisha.

Ina makosa yake, maswali mengi iliyatupa njiani. Lakini haya ya kufuta haikuyafanya.

Mpita Njia

Miaka yote hii naichukia kwa sababu ya picha za majina?

Kalamu ya Kukodi

Hauko peke yako.

Mama wa Telenovela

Na zile zinazokataa kuisha je? The Sopranos, 2007. Familia inakula, mlango unafunguliwa, skrini nyeusi. Nasikia watu walidhani matangazo yamekatika.

Mla Sizoni

Ile mimi naikubali, na najua nitatukanwa. Haikunidai nirudishe chochote. Tony, bosi wa mafia, alikuwa mtu anayeweza kupigwa risasi muda wowote, na wakaniacha ndani ya muda huo. Heri giza kuliko ndoto.

Komedi Bure

Kabla uzi haujalala: Squid Game. Sizoni ya tatu, Juni 2025. Mshindi ni mtoto mchanga aliyezaliwa mchezoni, stelingi Gi-hun kajitoa mhanga, sawa, hilo nimemeza. Ila yule askari Jun-ho! Sizoni mbili yuko kwenye boti anakitafuta kisiwa. Sizoni MBILI. Nahodha wa boti ni msaliti na mtazamaji tunajua. Anafika mambo yameisha, anamwona kaka yake, msimamizi wa michezo, kwa mbali, anapiga kelele kumuuliza kwa nini, kaka anaondoka na mtoto. Safari yote ile ilikuwa ya nini?

Kucha Moja

Mimi nilikuwa naruka kila akitokea bahari, na nilipofika mwisho sikuwa nimepungukiwa na kitu. Ukiweza kumkata mtu mzima kwenye hadithi na hadithi isitikisike, huyo hakupaswa kuwemo.

Mla Sizoni

Kalamu, wewe ungemfanyaje?

Kalamu ya Kukodi

Ningemfikisha episodi mbili kabla. Peke yake, bila kikosi, risasi chache. Anaingia, anavaa barakoa ya walinzi kama alivyofanya sizoni ya kwanza, na safari hii anamfikia kaka yake michezo ikiwa bado inaendelea. Kaka yake ndiye aliyempiga risasi na kumwangusha kwenye maji, kwa hiyo wana jambo la kumaliza. Mwachie achague: amkamate kaka na wachezaji waliobaki wafe, au amwache aende ili amtoe mtoto. Chochote atakachochagua kitamgharimu, na Gi-hun kule juu ya mnara hatajua kama kuna msaada unakuja.

Mwisho unaweza kubaki uleule. Gi-hun anajitoa, mtoto anapona. Ila sasa tunajua kulikuwa na mtu hatua chache kutoka pale, aliyechelewa kwa sababu ya uamuzi wake mwenyewe.

Komedi Bure

Na nahodha msaliti?

Kalamu ya Kukodi

Nahodha simpi hata mstari mmoja. Boti ina uskani, Jun-ho aiendeshe mwenyewe.

Mla Sizoni

Hiyo ningeitazama.